Mgeni wa Upawa

Careen alisema ameshiba kabla hajagusa chakula.

Ilikuwa Jumapili jioni, Januari 1996, na mama yake, Imaculata, alikuwa amempikia wali na maharage ya nazi, chakula ambacho mtoto yule wa miaka sita hakuwahi kukikataa tangu aote meno. Alikaa mbele ya sahani, akaitazama, akashusha pumzi kama mtu aliyetoka karamuni.

"I'm full, Mama."

"Umeshiba nini? Hujatia hata punje moja mdomoni."

"But I'm full."

Baba yake, Ambakisye, alicheka, akasema huyo kashiba pipi za Sunday school. Imaculata akaivuta ile sahani ale mwenyewe, kwa sababu si mtu wa kumwaga chakula, na hapo ndipo alipoona jambo la kwanza. Wali ulikuwa baridi. Hazijapita dakika mbili tangu aupakue, mvuke bado unatoka kwenye sufuria, lakini tui lilikuwa limeganda juu ya maharage kama nta ya mshumaa. Akaonja. Hakukuwa na chumvi, hakukuwa na nazi, hakukuwa na kitu. Alikuwa anatafuna karatasi iliyolowa.

"Dirisha hili linapitisha baridi," Ambakisye alisema. Walikaa ghorofa ya kumi na moja kwenye yale majengo marefu ya Cedar-Riverside, na ni kweli upepo wa Minneapolis mwezi wa Januari huingia hata kwenye tundu la sindano. Wakakubaliana ni dirisha, wakaendelea kula.

Wangekumbuka ya jana yake, dirisha lisingelaumiwa.

Imaculata alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya mnada, University Avenue, upande wa Frogtown kule Saint Paul. Ni kazi ya ajabu ukiitazama vizuri. Kwetu mtu akifa, vitu vyake hugombewa na ndugu zake, kwa kununiana. Kule hugombewa na watu ambao hawakumjua kabisa, wamekaa vitini, kila mmoja kashika kibao chenye namba. Vitanda, saa za ukutani, picha za harusi. Imaculata aliwahi kufungasha hata meno ya bandia. Kazi yake ilikuwa kufungua maboksi, kupanga vitu mezani, na siku ya mnada kuvishika mbele ya watu ili waone wanachonunua.

Na kulikuwa na amri moja kubwa: usisugue fedha. Meneja, Rodney, aliirudia kila wiki. Vyombo vya fedha vya zamani wanunuzi huvitaka na weusi wake. Weusi uliojificha kwenye nakshi ndio umri wenyewe, na ile mihuri midogo iliyogongwa nyuma, ya simba na herufi, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha chombo. Ukisugua unafuta vyote. Imaculata alikuwa akiitikia "okay" kila mara, lakini moyoni aliona Wazungu wana mambo.

Wiki ile lilikuwa limekuja sanduku la mbao kutoka Champlin, kwa bibi mmoja aliyefariki bila mtoto. Ndani mlikuwa na vijiko kumi na viwili na upawa mkubwa wa supu, fedha tupu, kazi ya London ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Aliyeandika maelezo yake ni Alice. Alice alikuwa mama wa miaka sitini na mitatu, mjane, mwandishi wa orodha za mnada, na mtu pekee pale kazini aliyejifunza kulitamka jina lote la Imaculata. Wengine walimwita Mac, na yeye aliwaacha tu.

"Babu wa marehemu alikuwa afisa wa serikali ya Kiingereza, mahali panaitwa Tanga," Alice alimwambia. "Ni kwenu, sivyo?"

"Ni kwetu, ila mimi wa milimani. Tanga ni pwani."

"Basi wewe na hivi vijiko ni majirani."

Walicheka. Vijiko vilikuwa salama. Upawa ndio uliokuwa na kasoro: tumbo lake lote lilifunikwa na ukoko mweusi, mnene, mkavu, mithili ya ugali ulioungulia chunguni. Alice akaandika hivyo hivyo kwenye orodha, kwamba una uchafu ndani na usiguswe.

Jumamosi Ambakisye alikuwa na kazi kwenye maabara ya chuo, kwa hiyo Careen akaenda kazini na mama yake. Alice alikuwa mapumzikoni. Rodney alitoka kwenda kuchukua mzigo. Sasa, mwanamke aliyelelewa Kibosho, na mama aliyekuwa akikagua sufuria kwa kidole cha shahada, hawezi kukaa chumba kimoja na upawa mchafu kutwa nzima. Sisemi ni sawa. Nasema hawezi. Alijiambia atautoa ule ukoko tu, simba na herufi hatavigusa. Akachota majivu kwenye jiko la kuni la chumba cha nyuma, akachota mchanga kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni kwa ajili ya kumwaga juu ya barafu, akalowesha kitambaa, akaanza. Ukoko ulibanduka vipande vipande, na kila kipande kilinuka yai viza. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo myembamba, imejipinda, imepangwa mistari mistari kuzunguka tumbo lote la upawa. Akaisugua nayo. Mkono ukishashika kazi hausikii: alipomaliza upawa alihamia kwenye vijiko, na kufika saa saba mchana vyombo vyote kumi na vitatu vilikuwa vinawaka, na Careen anacheka kujiona kichwa chini miguu juu ndani ya upawa.

Ndipo njaa ikawashika. Imaculata alikuwa na wali kwenye bakuli la plastiki, kijiko amesahau nyumbani. Akausuuza upawa kwa maji ya moto, akampakulia mtoto, akampa kijiko kimoja cha fedha. Ubao wa sakafu ukalia kule koridoni. Akadhani Rodney amerudi, na kama ambavyo angefanya popote duniani akiwa na chakula mbele yake, akasema kwa sauti, "Karibu, tunakula."

Hakuna aliyejibu. Rodney alirudi baada ya saa nzima.

Jumatatu meneja huyo aliuchukua upawa, akauelekeza dirishani, akawa mwekundu mpaka masikioni. Simba hakuonekana tena vizuri. Herufi ya mwaka ilikuwa imekwenda. Kabla hajafungua kinywa, Alice alisema bila kupepesa macho, "Mimi ndiye niliyemwambia autoe ule uchafu." Rodney hakumwamini, lakini hakuweza kumwita mama yule mwongo. Akamgeukia Imaculata. "Mnada ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hivi vitu visipopata mnunuzi, Jumatatu yake usije."

Imaculata aliona haya mpaka akashindwa hata kumshukuru Alice. Laiti hilo la kazi ndilo lingekuwa tatizo lake kubwa.

Kesho yake alisikia sauti. Alikuwa jikoni, Careen mezani na bakuli la uji, na pale mezani ikatoka sauti ya kijiko kikikwangua kaure, taratibu, kwa adabu, kama ya mtu anayemalizia supu yake. Katika nyumba ile hakukuwa na chombo cha kaure hata kimoja. Sahani zao zote zilikuwa za plastiki. Alipochungulia, Careen alikuwa amekaa mikono mapajani, kijiko kimelala pembeni kikavu, na uji umeganda. Kulikuwa na harufu ya yai viza, kisha ikaondoka.

Mwalimu wa Careen akapiga simu. Alisema mtoto hali chakula shuleni. Kila mchana analisukuma sinia lake mbele ya kiti kitupu kilicho kando yake, anangoja, kisha analirudisha na kusema amemaliza. Wakampeleka hospitali. Wakatoa damu, wakapima mkojo, wakapiga picha za tumbo, wasione kitu, ila mzani ulishuka, na baada ya siku nne ukashuka tena. Wakapewa maziwa ya kopo ya kuongeza nguvu. Maziwa nayo yakaganda kwenye kikombe. Kufikia wiki ya pili, Imaculata akimwogesha mwanawe aliweza kuhesabu mbavu, na mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza kiasi kwamba shati la shule lilikaa juu yake kama lililotundikwa msumarini. Alikuwa akimwosha huku anamwimbia ili asimsikie akilia.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mnada, waliamua kukaa wote watatu mezani na kumlisha kwa mkono. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na giza la Januari lilikwishaingia. Waliwasha taa zote. Imaculata aliweka sahani moja tu katikati, supu ya kuku inayofuka, akamshika Careen mkono wa kushoto, na Ambakisye akamshika wa kulia, naye Ambakisye alikuwa mtu wa maabara, Mmoraviani wa Rungwe asiyependa habari za majini hata kwa mzaha, akasema sasa tutaona. Na waliona. Mvuke uliokuwa ukipanda wima kutoka kwenye supu ulisita, ukapinda, ukaanza kwenda upande mmoja, kuelekea kiti cha nne ambacho hakikuwa na mtu, ukavutwa taratibu kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kitambaa, na pale ulipoishia, kwenye usawa wa kinywa cha mtu mzima aliyeketi, ulikuwa unapotea, huku ile sauti ya kijiko ikikwangua, na kukwangua, na kupumzika, na kukwangua tena, na harufu ya yai viza ikijaa chumba kizima mpaka machozi yakawatoka, na supu mbele ya macho yao ikaacha kufuka, ikatanda mafuta meupe, na Careen, ambaye hakuwa na kitu kinywani, alikuwa anatafuna.

Kijiko kikaacha kukwangua.

"Careen," baba yake alinong'ona, "nani yuko hapo?"

"The guest."

"Mgeni gani?"

"Mama's guest. Mama told him karibu. At her work."

Imaculata akauliza, "Anasema nini, mwanangu?"

Mtoto akageukia kile kiti, akasikiliza, kama anavyomsikiliza mwalimu. "He says it's not enough," alisema. "He says after the food there's me."

Ambakisye alisimama, akachukua koti, akalivaa kinyumenyume bila kujua. "Kuna mzee wa Tanga ghorofa ya kumi na saba," alisema. "Mbebe mtoto."

Maalim Shekue alikuwa akiosha vyombo kwenye kantini ya chuo kikuu. Kwao alikuwa mwalimu wa madrasa, na hakupenda kuitwa mganga. Ukimwita hivyo atakwambia yeye ni dishwasher, kamuulize bosi wake. Aliwafungulia akiwa na taulo begani. Alipomwona Careen mikononi mwa mama yake alizima televisheni, na hakuuliza kwa nini Wakristo wamekuja kwake.

Imaculata alimweleza yote, ya upawa, ya ukoko, ya majivu na mchanga. Maalim akampa kalamu, amchoree ile mikwaruzo kama anavyoikumbuka. Alichora mistari miwili tu, na mzee akaufunika ule mchoro kwa kiganja.

"Basi, inatosha," alisema. "Hii kazi ya mtu wa kwetu. Yai, masizi na maandishi. Alimfunga jini humo, akamfunika. Pengine alikuwa mpishi wa huyo bwana shauri wa Kiingereza. Wapishi wa Tanga walijua mengi zaidi ya kupika. Na wewe mwanangu ukaenda ukamsugua."

"Mrudishe, Maalim. Nakuomba."

"Kwa jina gani? Jina lake ndilo lililokuwa pale. Umelifuta kwa mchanga."

Imaculata alijishika kichwa. Ambakisye akauliza kwa sauti ndogo kama upawa wenyewe ukitupwa Mississippi haitasaidia.

"Utatupa chuma, yeye atabaki kwenu. Huyu hakai tena kwenye upawa. Anakaa kwa mwenyeji wake. Mama alimfungulia, mama alimkaribisha, na mtoto ndiye aliyekula naye sahani moja. Mgeni wa namna hii hafukuzwi. Huhama. Na huhama akipata mwenyeji mwingine, mtu atakayevipokea vile vyombo kwa ridhaa yake, kwa mkono wake mwenyewe. Si kuviacha mlangoni kwa mtu, si kumtilia kwenye mkoba. Avitake."

"Keshokutwa vinauzwa mnadani," Imaculata alisema.

Maalim akamgeukia. "Mnada ni ridhaa," alisema. "Mtu ananyoosha mkono mbele ya mashahidi. Iliyo wazi kuliko hiyo siijui." Kisha akaongeza, "Lakini ujue kuna mtu utakuwa umempa. Nakwambia sasa, usije ukasema Maalim hakuniambia."

"Nina mtoto mmoja tu, Maalim."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia."

Alimsomea Careen, akampa maji ya kunywa. Yale maji alau yalikaa tumboni. Siku iliyofuata mtoto hakuweza kusimama mwenyewe.

Jumamosi ukumbi wa mnada ulijaa, kwa sababu theluji ilikuwa imesimama na watu walichoka kukaa ndani. Wafanyabiashara wa fedha walikuja mapema, wazee wanne wenye vioo vya kukuzia. Imaculata alijipa kazi ya kusimama karibu na meza ile. Wa kwanza aliuchukua upawa, akaugeuza, akaurudisha. Wa pili hakuugusa. "Umeuawa huu," alimwambia mwenzake, na wote wakahamia meza ya saa. Imaculata alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, akiwaombea kwa Mungu wenye tamaa wawe na tamaa zaidi. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mikono yake ilifanya makosa mawili kwa mpigo mmoja. Ilimfungulia yule, na ikahakikisha hakuna atakayemtaka.

Namba ya vile vyombo ilipofika, alivibeba kwenye sinia lenye kitambaa cheusi, akasimama mbele ya watu kama alivyozoea. Dalali alitaja bei. Kimya. Akaishusha. Mtu alikohoa. Akaishusha tena, akafanya utani kwamba havihitaji kuoshwa, watu wakacheka, hakuna aliyenyanyua kibao. Harufu ya yai viza ilianza kupanda kutoka kwenye sinia, na Imaculata, akijua hapaswi kuangalia, akaangalia, na ndani ya tumbo la upawa aliuona ukumbi mzima umepinduka, taa ziko chini, viti viko juu, watu wote wananing'inia kichwa chini, naye mwenyewe kichwa chini, isipokuwa mmoja aliyesimama wima nyuma ya bega lake, mrefu, amevaa shingoni leso ya kulia chakula, na alikuwa anangoja.

"Kwa mara ya mwisho," dalali alisema, "hakuna hata mmoja?"

Mkono ukanyooka pembeni, kwenye meza ya makarani. Ulikuwa mkono wa Alice.

Alikuwa anamtazama Imaculata na kutabasamu, kama mtu anayesema usijali, kazi yako ipo. Alikuwa hana kibao; alinyoosha kidole kimoja tu chenye pete ya marehemu mumewe. Dalali akamwelekeza nyundo. Moja. Imaculata alifungua mdomo. Mwanamke huyu ndiye aliyemletea buti za theluji mwaka wake wa kwanza, ndiye aliyedanganya kwa ajili yake bila kuombwa. Mbili. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akamwona Careen asubuhi ile, amelala kwenye kochi, shingo nyembamba haiwezi kubeba kichwa. Akafunga mdomo. Nyundo ikapigwa.

Harufu ikatoweka pale pale. Sinia likawa jepesi.

Alikimbilia simu ya koridoni akapiga nyumbani. Ambakisye alipokea akilia, na kwa muda Imaculata hakuelewa anasema nini, mpaka aliposikia mlio wa kijiko cha plastiki. "Anakula," Ambakisye alisema. "Ameomba wali. Amemaliza, ameomba tena. Imma, anakula." Imaculata aliteleza ukutani akakaa sakafuni. Alifurahi. Sitamsemea uongo, alifurahi kuliko siku alipojifungua, na hakumfikiria Alice mpaka alipokuwa kwenye basi namba 16 anarudi nyumbani.

Wiki ile Careen alikula kila alichoona. Mashavu yakarudi. Akarudi shule, akarudi kugombana na baba yake juu ya katuni. Na kila siku kazini Alice alimuuliza, "Mtoto vipi?" na Imaculata alijibu huku anatazama maboksi, "Anaendelea vizuri, asante." Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, Alice aliusukuma mkate wake kando. "Sijui nina nini siku hizi," alisema. "Kila kitu hakina ladha." Imaculata alikwenda chooni akajifungia. Ijumaa sketi ya Alice ilikuwa imefungwa kwa pini kiunoni.

Usiku ule alimwambia mumewe hawezi tena. Ambakisye akasema wamwendee Maalim, labda kuna njia ya pili. Imaculata aliazimia Jumapili wakitoka kanisani atakwenda kwa Alice na kumweleza kila kitu, aseme alivyofanya, hata kama yule mama atamwona kichaa, hata kama atamfukuza mlangoni.

Jumapili walirudi kutoka misa mapema. Ambakisye alishuka na nguo za kufua. Imaculata alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati ya kumpelekea Alice, maana huendi kwa mtu mikono mitupu, tena na habari kama ile. Mlango ukagongwa. Alisikia miguu ya Careen ikikimbia, na mlango ukifunguliwa.

"Wewe lazima ni Careen," ilisema sauti ya Alice, ikihema kutokana na ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu tena. "Umenawiri hivi. Mama yako aliniambia umepona, nikasema hapana, siwezi kungoja. Unajua nilivinunua kwa ajili yenu tangu siku ile? Niliona vilivyosuguliwa mpaka vikawaka. Mtu hasugui hivyo kitu asichokipenda."

Imaculata alitoka jikoni na unga mpaka viwikoni. Alice alikuwa amesimama mlangoni, koti limemzidi, macho yameingia ndani, anatabasamu. Alikuwa amekunja goti kidogo ili alingane na mtoto, na mikononi mwake mlikuwa na lile sanduku la mbao, limefunuliwa, na juu ya vijiko upawa umefungwa utepe mwekundu.

"Ni vyako, ukivitaka," Alice alisema.

"Careen, usipokee," Imaculata alisema kwa Kiswahili. "Mwanangu, rudi nyuma. Usipokee."

Careen alikuwa anautazama upawa, na macho yake yalikuwa yamejaa ule mng'aro. Tangu aanze shule ya Kimarekani mama yake alikuwa akimsihi ajibu kwa lugha ya nyumbani, na hakuwahi. Sasa alikunja magoti yote mawili, akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea sanduku, akasema kwa Kiswahili safi, "Asante sana, bibi."

Alice alijinyoosha, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, akasema mtoto huyu kwa kweli amelelewa vizuri.